Kwa Papa Kadasta: Msiombe lupango iwe ya biashara, ombeni nyumba ipewe kazi

*Maswali ya wasomaji kuhusu ardhi, lupango (viwanja), mipaka na nyumba za Lubumbashi. Anayejibu ni mpima ardhi mstaafu.*

Yambo Papa Kadasta. Tuko watoto sita. Baba alituachia nyumba katikati ya mji, kwenye avenyu yenye jacaranda, si mbali na reli. Ni ya matofali mekundu, baraza mbele yenye nguzo, paa la mabati lenye mteremko mkali, dari juu sana. Kwenye sanduku la baba tulikuta plani ya mwaka 1928. Sasa paa linavuja katika vyumba viwili na mchwa wameingia kwenye mbao. Mfanyabiashara mmoja anataka kununua. Atabomoa ajenge ghorofa, maduka chini. Ndugu zangu watatu wanataka kuuza. Mimi nataka tufungue vyumba vya wageni na mahali pa kula, na picha za mji wa zamani ukutani. Komine (ofisi ya mtaa wa mji) wameniambia lupango ni ya makazi tu, tubadilishe kwanza. Komisioneri (dalali) mmoja anasema ataigeuza kuwa ya biashara kwa wiki moja. Nimlipe?
*Mtoto wa tatu, Lubumbashi*

Binti yangu, usimlipe. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu nawajua watu hao. Huenda unaposoma gazeti hili amekwisha kuketi barazani kwenu na soda ameshika.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye hatakuambia. Lupango yenu ikigeuzwa kuwa ya biashara hivi hivi, bila sharti lolote, siku hiyo nyumba ya baba imehukumiwa. Yule mnunuzi hanunui nyumba. Kwake nyumba ni gharama ya kubomoa na kusomba kifusi. Ananunua mita za mraba zilizo kwenye avenyu nzuri, pamoja na anga lililo juu yake. Leo karatasi inasema makazi, kwa hiyo anawashushia bei na anajihesabia taabu ya kubadilisha. Mkibadilisha ninyi, kwa pesa yenu, mmemfanyia kazi yake. Bei ya udongo itapanda, bei ya matofali ya 1928 itabaki pale pale, na wale ndugu watatu wanaotaka kuuza watakuwa watano.

Lakini kuiacha iwe makazi tu nako hakuiokoi. Nani leo, kwa mshahara wa kawaida, anaweza kutunza paa kubwa namna ile ili yeye na watoto wake walale chini yake? Nyumba nyingi za umri huo nilizoziona zikiondoka hapa mjini hazikuuawa na tingatinga. Ziliuawa na mfereji mmoja wa bati uliotoboka kwenye kona, maji yakashuka ndani ya ukuta, mchwa wakafuata unyevu, kenchi ikalegea, wenye nyumba wakahamia chumba cha nyuma. Tingatinga lilikuja kuzika.

Kwa hiyo ombi lenu lisiwe la makazi, wala lisiwe la biashara tupu. Ombeni matumizi mchanganyiko yaliyofungwa kwenye nyumba yenyewe. Nitaeleza maana yake, ila tuanze na udongo.

Katika nchi yetu udongo ni mali ya Serikali. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, haina kigugumizi juu ya hilo. Tulichonacho sisi ni konsesio, yaani haki ya kuutumia udongo huo. Mkongomani anaweza kupewa ya kudumu. Mgeni na kampuni wanapewa ya kawaida, ya miaka hadi 25 inayoweza kufanywa upya. Nyumba iliyosimama juu ni yenu, udongo mmepewa kwa mkataba, na mkataba huo una mstari unaosema mahali hapo ni pa kufanyia nini. Kuugusa mstari huo ndiko kubadilisha matumizi. Hakufanyiki kwenye kaunta ya komine na hakufanyiki kwa wiki moja. Kunataka ruhusa ya maandishi, itolewe kabla, kutoka kwa mamlaka iliyotoa konsesio, faili likipita kwa konsevateri wa hati za ardhi, kwa kadasta (wapima ardhi) na kwa idara ya Urbanisme, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifungua dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 inapozungumzia mipango ya mji. Mtu akikuletea karatasi ya wiki moja, ujue kuna ofisi imerukwa. Na ofisi iliyorukwa huwa inakumbuka, hasa baada ya wewe kununua vitanda.

Wenzetu Marekani jambo hili wamelizoea. Huko udongo ni wa mtu binafsi, ila mji ndio unaoamua kila mtaa ni wa shughuli gani. Mwaka 1931 Charleston, katika jimbo la South Carolina, ulitunga kanuni ya kwanza nchini humo ya kuutenga mtaa wa kale na kuuwekea masharti yake. Siku hizi mwenye nyumba ya kihistoria iliyo katika mtaa wa makazi anaweza kwenda mbele ya baraza la mji na kusema: nyumba hii ni kubwa mno kwa familia moja, niruhusuni niweke ofisi, au nyumba ya wageni, au nipokee harusi, nami nakubali nisiibomoe. Majirani wanakuja kusikilizwa, wengine wanapiga kelele, mwisho baraza linapiga kura. Mwenye nyumba anaweza pia kuandika ahadi kwenye hati yake, ikamfunga hata atakayeinunua baada yake.

Chombo hicho cha mwisho sisi hatuna. Servitude ya sheria yetu hufunga lupango moja kwa faida ya lupango nyingine: njia ya kupita, maji ya paa la jirani, mambo ya namna hiyo. Haifungi lupango kwa faida ya historia. Ndiyo maana masharti yenu lazima yaingie ndani ya ruhusa ya kubadilisha matumizi na ndani ya mkataba wenyewe. Yakibaki kwenye barua ya maombi tu, atakayekuja kesho ataitumia barua hiyo kuwashia mbabula.

Ningekuwa ninyi ningeandika hivi, mbadilishe mnapotaka:

«Tunaomba lupango yetu, iliyo ya makazi, iruhusiwe pia kuwa na vyumba vya wageni visivyozidi sita, mahali pa kula, ofisi na maonyesho, vyote ndani ya nyumba iliyopo. Uso wa nyumba, baraza, nguzo, mteremko wa paa, boyeri ya nyuma (kijumba cha mtumishi) na miti ya mbele vibaki. Jengo jipya, likihitajika, liwe nyuma na lisipite kimo cha paa la zamani. Hakutakuwa na bohari, karakana wala dansi ya usiku. Wenye lupango wakiibomoa nyumba, ruhusa hii inakufa na lupango inarudi kuwa ya makazi.»

Sentensi ya mwisho ndiyo mzigo wote. Inamnyima mnunuzi wa kubomoa sababu ya kuja, maana akibomoa anapoteza kile alichonunulia. Inawapa ofisi sababu ya kusaini, kwa sababu hawafungui mlango ambao kila mtu wa avenyu ataupitia. Na ninyi inawapa kitu cha kumwonyesha mkopeshaji: nyumba yenye haki ya kuingiza pesa. Najua ndugu zako watasema unajifunga mikono. Waambie ndiyo, na mwenye kujifunga anapewa kitu. Asiyejifunga anapewa bei ya mita ya mraba.

Pamoja na ombi wekeni plani ya 1928 (nakala! ya asili ibaki sandukuni, usimwachie mtu hata akivaa kravati), picha za kila upande wa nyumba, mchoro wa mahali magari yatakaposimama, na hesabu ya fundi kuhusu paa. Magari yasimame nyuma. Nimeona nyumba nzuri zikipewa ruhusa, kisha bustani ya mbele ikamwagiwa zege, jacaranda ikakatwa, ukuta wa mita tatu ukajengwa na nyaya juu. Nyumba imehifadhiwa, sawa, ila hakuna anayeiona isipokuwa mlinzi.

Tena, ruhusa ya kubadilisha matumizi haikupi ruhusa ya kujenga. Ukitaka kuvunja ukuta wa ndani au kuongeza vyoo, kibali cha kujenga kinaombwa peke yake.

Lakini nimetangulia mno. Katika barua yako hukusema setifika, yaani hati ya usajili wa lupango, iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni kwa jina la baba, hakuna ombi lolote la kupeleka. Watoto mpate kwanza likidateri (msimamizi) wa urithi, mkutano wa familia uandikwe na kusainiwa, haki zenu zithibitishwe, kisha setifika ihamishiwe kwenu wote sita. Kwa Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto ni warithi wa daraja la kwanza na wanachukua robo tatu ya urithi. Hukutaja mama. Kama yuko hai, ana haki yake ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na mume wake, na mpango wa vyumba vya wageni unaanzia kwake, si kwa bugumesta (mkuu wa komine). Kama kuna ndugu aliye Ubelgiji au Johannesburg, atume prokirasio (barua ya uwakilishi) iliyothibitishwa. Ujumbe wa sauti wa simu hauingii kwenye faili.

Na hapa nakuonya kwa ukali wa mzazi. Setifika ikiisha kutolewa, baada ya miaka 2 haishambuliki tena. Aliyeibiwa anabaki kudai fidia ya pesa, lupango yenyewe imekwenda. Familia isiyoelewana, yenye setifika ya marehemu na komisioneri anayeingia na kutoka, ndiyo shamba la watu wa aina hiyo. Nendeni kwa konsevateri sasa hivi, muulize kwa maandishi kama lupango ina mabadiliko yoyote, na mbaki na risiti.

Wengine watakuambia: iorodheshwe kuwa mali ya utamaduni, mambo yamekwisha. Sheria ipo, ni Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Jengo likiorodheshwa chini yake halibomolewi wala halibadilishwi bila ruhusa ya wakubwa wa utamaduni. Mimi nasema ombeni pia. Pitieni Musée National ya hapa Lubumbashi, kuna watu wanaojua kuandika maelezo ya jengo kwa lugha inayosomeka Kinshasa. Ila msitegemee hilo peke yake. Karatasi ya kukataza haiezeki paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka. Lakini katika mji huo huo nyumba nyingi za matajiri wa kale zimesimama kwa sababu zimekuwa hoteli. Mtu analala humo, analipa, na fundi wa chokaa anapata kazi. Si kila hoteli imeheshimu nyumba yake, najua. Kuna vyumba vimekatwa kama maandazi. Ndiyo sababu nimetaka idadi ya vyumba iandikwe.

Kuhusu paa: lisingoje sahihi. Mvua za Novemba hazisomi faili. Anzeni na mifereji na makutano ya mapaa, pale ambapo miteremko miwili inakutana, maana huko ndiko maji yanakoingilia. Mbao zilizoliwa zibadilishwe kwa mbao zilizotiwa dawa, na njia ya mchwa itafutwe chini, kwenye msingi, si juu ulikoona unga. Fundi akitaka kupiga plasta ya saruji juu ya matofali ya zamani, mkatalie. Matofali yale ni laini, yamejengwa ili ukuta upumue. Saruji inafunga unyevu ndani, na baada ya misimu michache uso wa tofali unaanguka pamoja na plasta. Atumie chokaa. Atasema hajui. Mtafute mzee anayejua, bado wapo katika komine zetu za Kamalondo na Kenya, na kijana wenu akae naye achanganye.

Mwisho kabisa, ndugu watatu. Usiwahubirie urithi wa baba. Wana karo za kulipa. Wawekee hesabu mbili mezani: bei ya mnunuzi igawanywe kwa sita, baada ya kodi, gharama za hati na mkono wa komisioneri, na kando yake pango la miaka kumi, baada ya kuondoa paa na kodi ya pango. Kabla ya kutumia pesa yoyote ya vyumba vya wageni, jaribuni kupangisha vyumba viwili vya mbele kama ofisi ya wakili au daktari wa meno, mara ruhusa ikitoka. Ofisi haitaki mashuka. Anayetaka kuondoka kabisa, wengine mnunueni sehemu yake kidogo kidogo, kwa noteri.

Papa, salamu. Jirani yangu ana nyumba ya zamani na ameanza kupokea wageni. Anasema anahifadhi historia. Mimi nasikia muziki hadi usiku wa manane na magari yanaziba mlango wangu. Nifanyeje?
*Mama wa Makutano*

Mama, historia haina spika. Muombe kwa adabu akuonyeshe ruhusa ya kubadilisha matumizi. Ni haki yako kuuliza. Kama anayo, soma masharti yake: mara nyingi kelele na magari yamo. Kama hana, andika kwa bugumesta na nakala kwa Urbanisme, mkiwa majirani kadhaa mliosaini, mkitaja saa na siku. Msiandike «anatusumbua». Andikeni «tarehe fulani, saa saba usiku, magari manne mbele ya lango langu». Na katika barua hiyo ombeni masharti, msiombe afungiwe. Akifungiwa atauza, na atakayenunua atakuletea ghorofa tano zenye jenereta.

Papa Kadasta, mimi ni mwanafunzi. Kila siku mnaandika kuhusu nyumba za Wabelgiji. Babu yangu aliingia katika baraza hizo akiwa amebeba trei tu. Kwa nini tupoteze pesa kutunza nyumba za watu waliotutenga? Zibomolewe, tujenge zetu.
*K., Kasapa*

Mjukuu, swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasikia kwenye semina, kwa hiyo sitalizunguka.

Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba. Reli kutoka kusini ilifika mwaka huo huo, na Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa imeundwa 1906. Wangermée, mkuu wa Kibelgiji wa Katanga, aliuchora kwa mistari iliyonyooka, Wazungu huku, Waafrika kule, katikati eneo tupu waliloliita zone neutre. Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Albert, iliwekwa ng'ambo ya eneo hilo, Kenya ikafuata, Katuba na Ruashi zikaja miaka ya 1950. Usiku Mwafrika asiye na kibali hakupaswa kuonekana katika mji wa Wazungu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi hapa hapa. Hayo yote ni kweli na babu yako hakukudanganya.

Sasa niambie: yako wapi yanayoonekana kwa macho? Zone neutre imejengwa. Kambi nyingi za wafanyakazi zimebadilika. Ukiondoa na nyumba za mjini, mtoto wako atapita kwenye avenyu ya vioo na mabati ya rangi, na wewe utabaki kumwambia «hapa palikuwa na ubaguzi» kama unayemsimulia ndoto. Nyumba ile ni ushahidi, na shahidi hauawi kwa sababu alikuwa upande wa mshitakiwa.

Halafu, ni nani aliyeijenga? Matofali ya Lubumbashi yamefinyangwa kwa udongo wa vichuguu, vile vikubwa unavyoviona bado ukitoka nje ya mji. Mzungu alichora. Aliyevunja kichuguu, akakanda, akachoma tanuri, akabeba, akajenga nguzo ikasimama wima karibu miaka mia, alikuwa mtu wa huku. Sijui kwa nini tunampa Mzungu sifa yote ya nyumba na sisi tunabaki na trei peke yake.

Tazama pia kitu ambacho wengi hawakitazami: boyeri. Kile kijumba cha nyuma, karibu na ukuta, chumba kimoja au viwili, dirisha dogo, choo chake peke yake, hakuna dari. Pale ndipo alipolala babu wa mtu. Kwenye maombi ya kubadilisha matumizi niliyopata kuyasoma, boyeri ndiyo ya kwanza kubomolewa, iwe maegesho au jiko la mkahawa, na hakuna anayeuliza. Nyumba ya mbele inapigwa rangi, inaitwa ya kihistoria, na nusu ya historia imetupwa na kifusi. Ndiyo maana katika ombi la yule dada hapo juu nimeitia boyeri. Nyumba ya mbele bila ile ya nyuma ni uongo uliopakwa chokaa. Mtu akiniambia anafungua nyumba ya wageni ya kihistoria, mimi kwanza nazunguka nyuma.

Iko nyumba moja, ile ya Brouwez, upande wa kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Villa ya kawaida tu, ya mtu binafsi, haina nguzo za ajabu wala mapambo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliteremshwa kwenye ndege Luano, wakaletwa hapo, wakapigwa, na usiku huo huo wakapelekwa porini upande wa Shilatembo wakauawa. Kwa kipimo cha uzuri nyumba hiyo isingepata hata mstari mmoja. Kwa kipimo chako, yaani nani aliijenga na kwa ajili ya nani, ingebomolewa mapema. Mimi naona ndiyo ya mwisho inayofaa kuguswa katika jimbo lote.

Pamoja na hayo una haki katika jambo moja, na ningependa ulishike. Orodha za majengo ya kihistoria ya mji huu hupenda sana katikati ya mji: katedrali, sinagogi, theatre, jumba la mahakama, villa. Ni nani ameomba masharti ya kulinda nyumba ya Kamalondo? Zipo bado, za zamani, zenye ua wa pamoja, na baa ambazo zilisikia gitaa kabla ya uhuru. Thamani ya udongo huko inapanda kila mwaka na zinaondoka kimya kimya. Wanahistoria wa Chuo Kikuu chenu, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, walikusanya kumbukumbu na vitu vya nyumbani vya wakaaji wa kawaida na kuvionyesha. Nenda ukawaulize wamebaki na nini kuhusu Kamalondo. Kisha chagua nyumba moja, ipime, ipige picha, andika majina ya waliokaa humo kwa mfuatano, nenda kwa mwenyewe mkiwa na ombi tayari. Karatasi hiyo itamfaa kuliko hasira yako, na shahada utapata.

Papa, mimi niko katika nyumba ya zamani ya Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, niliinunua. Je, naweza kufungua dirisha la butiki kwenye baraza bila kubadilisha matumizi yote?
*Mstaafu, asante mapema*

Ndugu, angalia kwanza kama makaratasi ya kununua yamefika hadi setifika au yameishia kwenye barua ya kampuni. Wengi waliishia hapo na hawajui. Butiki ndogo katika nyumba unayokaa mwenyewe huwa inavumiliwa na komine ukilipa kodi yake, lakini kuvumiliwa si hati, na siku ya kuuza haitahesabiwa. Baraza usiizibe kwa tofali. Weka meza na mlango wa mbao unaotolewa, ili mwanao akitaka kukaa hapo na kahawa yake aweze kuuondoa mwenyewe.